Kikohozi Katika Sura ya Tisa

Mama alikohoa katikati ya sentensi, na msimamizi akasimamisha mashine ya kurekodia.

Hakukasirika. Aliinua mkono nyuma ya kioo, akangoja kikohozi kiishe, kisha akairudisha sauti hadi mwanzo wa aya. Mama alikunywa funda la maji, akaketi wima, akaanza upya. Alipita pale alipokwama. Alifika mwisho wa sentensi iliyofuata, koo likamwasha kana kwamba mtu analipitishia unyoya, akakohoa tena. Mkono wa msimamizi ukainuka tena.

Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo kama stoo. Kuta zake zilikuwa zimevalishwa sponji, mlango wake ulikuwa mzito, na feni ilikuwa marufuku, kwa sababu kipaza sauti kilisikia kila kitu. Kilisikia kiti. Kilisikia tumbo la mtu aliyeruka kifungua kinywa. Mama alikuwa amejifunza kuvaa nguo zisizochakarisha, na siku za kazi bangili zake zilibaki nyumbani. Tangu astaafu ualimu alikuwa akijitolea kusoma vitabu kwa ajili ya maktaba ya sauti, ambayo wasikilizaji wake ni watu wasioona. Alikuwa amesoma riwaya kadhaa na mwongozo mmoja wa ufugaji wa nyuki. Sasa alikuwa akisoma kitabu kinene cha sheria ya mikataba. Waliokisubiri ni wanafunzi wa chuo waliokuwa na mtihani mwisho wa muhula, nao walipelekewa sura moja moja kila ilipokamilika. Nane walikuwa wameshazipata. Ya tisa ilikuwa imekwama kooni mwa Mama.

Mama alipotoka chumbani, msimamizi alimvutia kiti. Alikuwa kijana mpole, mwenye miwani, aliyemwita Mwalimu ingawa hakuwahi kufundishwa naye.

"Mwalimu, kukata vikohozi ndiyo kazi yangu," alisema. "Lakini nikikata hivi vyote, kinachobaki si usomaji tena. Ni viraka."

Kisha akamweleza lililomkaa rohoni. Ofisi ilikuwa imenunua programu ya kompyuta inayosoma kitabu bila kuchoka na bila kuvuta pumzi. Wakubwa walitaka programu hiyo ikabidhiwe kitabu kizima endapo sura ya tisa isingepatikana kufikia mwisho wa mwezi. Yeye mwenyewe hakuipenda. Alisema inasoma bei ya nyanya na hukumu ya kifo kwa sauti ile ile. Lakini hakuwa na la kuwaambia wakubwa, maana mashine haikohoi.

Mama aliuliza kama baada ya kitabu hiki kungekuwa na kingine kwa ajili yake. Msimamizi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Mama akaelewa.

Alikuwa amefiwa na mume. Alikuwa amemaliza kufundisha. Binti yake wa pekee alikuwa mtu mzima mwenye kazi yake. Kile kiti mbele ya kipaza sauti ndicho mahali pekee ambapo watu wasiomjua walimsubiri.

*

Nyumbani waliishi wanawake watatu. Wa kwanza ni Mama. Wa pili ni binti yake, mfamasia, mwenye duka la dawa mtaa wa tatu kutoka hapo, kati ya fundi viatu na muuza simu. Wa tatu ni Shangazi, dada wa marehemu baba. Shangazi alikuja msibani na begi moja, na hakuna aliyewahi kumwuliza ataondoka lini. Alikuwa na kibanda sokoni ambapo aliuza viungo, majani makavu na mizizi, na kila jioni aliingia na harufu yake kabla hajaingia mwenyewe. Yeye na Mama waliitana wifi, na hawakuweza kukaa dakika tano bila kuchokozana. Mama alisema wifi yake anaongea mpaka kuku wanaomba wafungiwe. Shangazi alisema heri yeye anaongea bure, kuliko mtu anayeongea na ukuta wenye sponji.

Jioni ile Mama alipowasimulia habari za mashine, Shangazi hakutania. Aliinuka, akaweka sufuria jikoni, akaanza kuponda tangawizi kwa hasira, kana kwamba tangawizi ndiyo iliyonunua programu.

"Kesho nakuletea na majani ya mkaratusi ujifukize," alisema. "Na mrehani, na asali. Tutakichanganyia mpaka kitafute njia."

Mfamasia alikuwa akikunja nguo. Alikuwa mtu wa utaratibu. Alikunja soksi. Alisema hapana kuchanganya. Kama Shangazi anataka kujaribu dawa zake, sawa, lakini iwe dawa moja kwa wakati mmoja, ili ikifanya kazi ijulikane ni ipi, na isipofanya kazi iachwe. Alisema kila dawa, iwe ya dukani au ya sokoni, lazima iwe na ushahidi.

"Ushahidi," alisema Shangazi. "Mimi nimewatibu watu kikohozi wewe hujaota meno. Ushahidi ni kwamba wako hai."

"Shangazi, wengi wao wangekuwa hai hata bila dawa. Kikohozi cha mafua huondoka chenyewe."

"Basi cha huyu mbona hakiondoki, Bibi Vidonge?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa katika nyumba hiyo, na wote watatu walilipita. Mfamasia alikuwa na haraka ya kufika kwenye utafiti wake. Shangazi alikuwa na haraka ya kufika kwenye sufuria yake. Mama alikuwa anakohoa.

Walianza na asali. Mfamasia alikiri mapema kwamba asali ina ushahidi wa kuheshimika. Imejaribiwa kwa watoto waliozidi mwaka mmoja, na kijiko kimoja kabla ya kulala huwapunguzia kikohozi kiasi, ingawa mtoto asiyetimiza mwaka hapaswi kulambishwa kamwe. Shangazi alitaka kujua ni nani aliyewahesabia watoto hao vikohozi. Alipoambiwa ni wazazi wao, alicheka. Alisema mzazi aliyekosa usingizi huhesabu hata vikohozi vya jirani. Mfamasia alikiri kwamba hiyo ni hoja, na kwamba watafiti wenyewe huihofia. Shangazi akafurahi siku nzima. Asali ililainisha koo la Mama kwa muda mfupi, kisha kikohozi kikarudi kama mwenye nyumba.

Ikafuata tangawizi. Mfamasia alisoma tafiti zake, akaripoti kwamba maabara zimeonyesha tangawizi ikilegeza misuli ya njia ya hewa, lakini majaribio kwa watu wenyewe ni machache na hayatoshi kuapia. Shangazi alijibu kwamba yeye haapi, yeye anachemsha. Tangawizi ilimtoa Mama jasho na machozi. Kikohozi haikukitoa.

Ukafuata mrehani, ambao mfamasia alisema una simulizi nyingi kuliko vipimo. Ukafuata mvuke wa mkaratusi. Hapo mfamasia alikuwa mkali. Alisema waliopima mvuke hawakuona faida kubwa, ila walioungua wapo. Wakakubaliana bakuli likae mezani, mbali na ukingo, na Shangazi alishike kwa mikono miwili. Mama aliinamia bakuli na taulo kichwani. Shangazi alimwambia kwamba hajawahi kumwona amependeza hivyo. Mama alikohoa ndani ya taulo, akacheka, akakohoa zaidi.

Shangazi alilishika lile sharti la dawa moja kwa wakati mmoja, kwa namna alivyolielewa. Kila alichochemsha, alitia ndani kipande cha mzizi wa urukususu, ule mtamu ambao watoto hupenda kuutafuna. Hakukihesabu kuwa dawa. Alikihesabu kuwa adabu. Aliona aibu kumpa mgonjwa kinywaji kichungu, hasa mgonjwa huyu. Mama aliupenda utamu ule, naye akawa anaomba kikombe cha pili, na Shangazi hakuwahi kumnyima wifi yake kikombe cha pili.

Wakati huo huo Mama alikwenda kliniki kupimwa presha, kama ilivyokuwa desturi yake tangu daktari alipomwanzishia kidonge. Presha ilikuwa imepanda. Daktari alishangaa, akaongeza dozi. Mfamasia alikitoa kidonge kile kile, sasa cha dozi kubwa zaidi, katika duka lake mwenyewe, kama alivyokitoa tangu mwanzo, akakitia ndani ya mkoba, akaja kukiweka juu ya friji. Mama alikimeza kila asubuhi, kwa chai ya wifi yake.

*

Siku moja Mama alirudi kutoka studio mapema. Aliweka kitabu cha sheria mezani, akaweka na hedifoni ambazo msimamizi alikuwa amemwazima kwa mazoezi, akaketi.

"Nitawaambia waipe mashine," alisema. "Wale watoto wana mtihani. Hawawezi kufeli kwa sababu ya koo langu."

Shangazi alikuwa akichambua karafuu kwenye ungo. Kwa kawaida angesema kitu. Safari hii aliuweka ungo chini, akaenda kuketi karibu naye, mabega yakagusana. Kisha Shangazi akasukuma kitabu mbele ya Mama, akamwomba amsomee yeye. Alisema hajui kusoma maandishi madogo hivyo, jambo ambalo lilikuwa uongo mtupu, maana aliweza kusoma tarehe ya kuharibika kwenye kopo la mtu wa meza ya pili.

Mama alisoma. Alisoma habari za mtu aliyeahidi kununua ng'ombe na kughairi. Alikohoa kila baada ya mistari michache. Kila alipokohoa, Shangazi aliingiza swali, kana kwamba mapumziko yale yalikuwa ya kwake. Ng'ombe alikuwa na maziwa? Aliyeghairi alikuwa na wake wangapi? Mama alieleza kwamba sheria haiulizi hayo. Shangazi alisema ndiyo maana sheria inakosea.

Mfamasia aliwakuta hivyo alipotoka kazini. Alisimama mlangoni na mkoba begani. Alimsikia mama yake akikohoa, akasikia shangazi yake akijifanya hasikii. Usiku huo hakugusa utafiti. Hakuwa na makala nyingine ya kusoma.

*

Asubuhi iliyofuata, fundi mwashi aliingia dukani na saruji kwenye nyusi. Aliomba dawa ya maji ya kikohozi. Mfamasia hakumpa. Hakuwahi kumpa mtu dawa ya kikohozi kabla ya kumwuliza maswali, na maswali yake yalikuwa na mpangilio ambao wateja wa zamani waliujua kwa moyo. Kikohozi kina makohozi au ni kikavu? Kilianza lini? Una homa, unapungua uzito, unatoa damu? Unavuta sigara? Unafanya kazi kwenye vumbi? Fundi mwashi alijiangalia, akaangalia sakafu aliyoichafua, akasema vumbi lipo.

"Unatumia dawa ya presha?" aliendelea mfamasia. "Kuna kundi moja la vidonge vya presha ambalo huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu. Huweza kuanza wiki au hata miezi baada ya..."

Hakumalizia.

Fundi mwashi alingoja. Alitazama nyuma yake kuona kama kuna mtu ameingia. Hakukuwa na mtu. Mfamasia alikuwa ameshika ukingo wa meza, midomo wazi, akijisikiliza.

Swali hilo alikuwa amewauliza madereva, wapishi, mapadri na wachuuzi. Alikuwa amemwuliza fundi viatu wa jirani, ambaye hana presha wala kikohozi, bali alikuja kununua plasta. Mama yake hakuwahi kumwuliza, kwa sababu mama yake hakuwahi kusimama pale dirishani. Dawa zake zilitoka nyuma ya kaunta, zikaingia mkobani, zikaishia juu ya friji. Mtu wa karibu kuliko wote ndiye pekee aliyepewa dawa bila maswali.

Alimhudumia fundi mwashi, akamsihi avae barakoa kazini na aende kupimwa kifua. Kisha akapiga simu nyumbani. Alimwomba mama yake aje dukani, kwa miguu, kama mteja, na aje na kila anachokunywa. Mama aliuliza kuna nini. Mfamasia alisema kuna maswali. Hakutaka kuyauliza kwenye simu wala mezani, maana alijua wakiwa nyumbani angeruka moja.

Mama alikuja na Shangazi. Kulikuwa na watu, wakapanga foleni. Shangazi hakuwa amewahi kusimama upande huo wa duka, naye akautumia muda huo kusoma bei kwa sauti na kuguna. Zamu yao ilipofika, Mama aliegemea kaunta, akamtazama binti yake kupitia kioo.

"Shikamoo, mama," alisema mfamasia.

"Marahaba. Tumeonana asubuhi."

"Sasa hivi wewe ni mteja. Kikohozi kina makohozi?"

"Unakisikia kila siku, mwanangu."

"Mama, nijibu tu."

Mama alimtazama vizuri, akaona hatanii, akaacha mzaha. Alijibu kila swali kama mwanafunzi mwema. Ni kikavu. Hakuna homa. Uzito uko pale pale, na Shangazi akathibitisha kwamba uko, tena wote. Ulipofika wakati wa kuuliza kama kuna dawa yoyote mpya aliyoianza kabla ya kikohozi, Mama alifikiri.

"Ni kile kidonge chako tu," alisema.

"Si changu. Ni cha daktari."

"Wewe ndiye uliyekileta."

Mfamasia aliinamisha kichwa. Akavuta pumzi, akaendelea na swali lililofuata, kwa sababu alikuwa ameapa asiruke hata moja.

"Kuna mitishamba yoyote? Chai, mizizi, kitu cha kutafuna?"

"Hiyo unaijua," alidakia Shangazi. "Asali, tangawizi, mrehani. Moja moja, kama ulivyoamuru. Sikuchanganya."

"Hakuna kingine chochote?"

"Hakuna."

"Na ule utamu, wifi?" aliuliza Mama.

"Huo si dawa. Huo ni utamu tu."

"Utamu gani, Shangazi?"

Shangazi alifungua mkoba, akatoa kipande cha mzizi wa kahawia kilichofungwa kwenye karatasi, akakipitisha chini ya kioo kwa fahari kidogo. Mfamasia alikichukua, akakinusa, akaketi kwenye kigoda. Aliuliza ni kiasi gani. Shangazi alisema kipande kwa kila sufuria. Aliuliza ni sufuria ngapi. Shangazi alimtazama Mama. Mama akatazama dari.

Foleni nyuma yao ilikuwa imenyamaza kabisa, kwa heshima na kwa umbea.

Mfamasia aliwaeleza polepole, kwa sentensi fupi, kama anavyowaeleza wateja. Urukususu si mzizi mbaya. Upo hata utafiti unaoonyesha kwamba kuusukutua au kuumumunya kabla ya upasuaji hupunguza maumivu ya koo na kikohozi baadaye. Lakini mtu akiunywa mwingi na kwa muda mrefu, mwili hushikilia chumvi na maji, na presha hupanda. Presha ya Mama ilipanda. Daktari akaona dozi haitoshi, akaiongeza. Na kidonge chenyewe ni cha lile kundi linaloleta kikohozi. Kikohozi kilipokataa kuondoka, Shangazi aliongeza sufuria.

Shangazi alikuwa mwepesi wa kuelewa. Uso wake ulibadilika kabla sentensi ya mwisho haijaisha.

"Kwa hiyo mimi nimekuwa nampandisha wifi yangu presha," alisema, "kwa kikombe, nikimpulizia chai isiwe moto."

"Na mimi nimekuwa nikimletea kikohozi mkobani," alisema mfamasia.

Kisha mabega ya Mama yakaanza kutikisika. Walidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha kimya kilichogeuka kikohozi, na kikohozi kikageuka kicheko tena, hadi mwanamke aliyekuwa nyuma yake akamshika kiwiko asianguke.

"Nyie wawili," alisema alipopata pumzi, "mmenipenda nusura mniue."

*

Mfamasia hakumruhusu aache kidonge kwa uamuzi wa kaunta. Alifunga duka mapema, akampeleka mwenyewe kwa daktari. Daktari alisikiliza habari ya kidonge akitikisa kichwa, na habari ya urukususu akiwa amesimama. Aliagiza damu ipimwe. Alibadilisha kidonge, akatoa cha kundi jingine. Alisema chai ile ikome. Kikohozi, alisema, kitaondoka, ila hakitaondoka kesho. Kwa wengi huchukua wiki kadhaa, na kwa wengine zaidi. Mama aliuliza kama kitaondoka kabla ya mwisho wa mwezi. Daktari alisema hawezi kukiamuru.

Mwisho wa mwezi ulikuja, na kikohozi kilikuwa bado kipo. Kilikuwa kimepungua, lakini mbele ya kipaza sauti kupungua hakutoshi. Mama alikwenda studio akamweleza msimamizi kila kitu, pamoja na yale ambayo Shangazi alimsihi asiyaseme. Kisha akasema lililompeleka.

"Sura ya tisa wape wanafunzi ya mashine. Mtihani haunisubiri mimi. Lakini waambie wakubwa kwamba kikohozi hiki sasa kina sababu, na kina mwisho. Wasinitoe kitini. Wanipe ya kumi."

Msimamizi alikwenda kuongea na wakubwa. Alirudi na jibu la shingo upande. Mashine ingesoma ya tisa. Ya kumi ingemngoja Mama kwa muda mfupi, na asipoweza kusoma ukurasa mzima bila kukatizwa, mashine ingeendelea hadi mwisho wa kitabu na vitabu vingine vyote.

Siku zile nyumba ilikuwa ya ajabu. Shangazi alichemsha maji matupu, akayaleta na kijiko cha asali pembeni, akatangaza kwa sauti kila kilichomo, yaani maji na asali. Sokoni alianza kuwauliza wateja wa urukususu kama wana presha, na aliyejibu kwamba anayo alirudishwa mikono mitupu na kuelekezwa dukani kwa Bibi Vidonge. Mfamasia, kwa upande wake, hakuweka tena dawa juu ya friji. Kila zilipoisha, Mama alivaa viatu, akaenda kupanga foleni, akaulizwa maswali yote. Alilalamika kwa kila jirani kwamba mtoto wake anamsumbua, na alilalamika kwa furaha.

Kikohozi kilianza kusahau. Kilisahau asubuhi moja. Kikasahau mchana wa siku nyingine. Siku moja walimaliza kula, wakatoa vyombo, na Mama akasimama na sahani mkononi, akisikiliza. Hakusema kitu. Shangazi naye hakusema, kwa mara ya kwanza tangu aje msibani. Waliogopa kukiita.

Siku ya kusoma sura ya kumi, Shangazi alisisitiza kwenda naye. Msimamizi alimketisha upande wake wa kioo, akampa hedifoni, akamwomba asiguse chochote na asiongee. Sharti la kwanza lilikuwa rahisi. Mama aliingia, akafunga mlango mzito, akaketi wima. Akaanza.

Ilikuwa kesi ya mfanyabiashara wa vitunguu. Alikuwa ameuza magunia kwa mwenye hoteli, nayo yakafika yameoza, kila mmoja akidai hasara ni ya mwenzake. Mama alisoma bila haraka. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo kidogo, kama mlango uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa, kisha ikalainika. Alifika katikati ya ukurasa. Akasita, akameza mate, na mkono wa msimamizi ukaondoka mezani. Shangazi aliukamata, akaurudisha chini, akaukandamiza kwa kiganja chake.

Mama akaendelea. Alisoma hoja za muuzaji, akasoma hoja za mnunuzi, akafika chini ya ukurasa. Alinyanyua macho. Nyuma ya kioo hakuna mkono ulioinuka. Alimwona msimamizi akitabasamu, na wifi yake akiwa amefumba macho, midomo imebanwa kama mtu aliyeficha pipi. Mama akafungua ukurasa wa pili, akausoma, akafungua wa tatu.

Walipotoka, msimamizi aliwasindikiza hadi getini. Alimwambia Mwalimu kwamba kiti ni chake, na kwamba wanafunzi wawili walikuwa wamepiga simu kuuliza kama ya tisa itapatikana pia kwa sauti yake, hata baada ya mtihani. Mama alimwuliza waanze lini. Alisema Jumatatu.

Njiani Shangazi alitembea kimya hadi kona ya kwanza, na hapo uvumilivu ukamwishia. Alisema hukumu ile haikubaliki. Muuzaji wa vitunguu ameonewa. Yeye yuko sokoni, anajua. Kitunguu hakiozi njiani bila mnunuzi kuchelewa kukipokea.

"Wifi, hukumu ilishatolewa," alisema Mama. "Miaka mingi iliyopita."

"Basi nakata rufaa."

"Utamkatia nani?"

"Wewe. Si ndiye uliyekuwa unasoma?"

Mama alimshika mkono kuvuka barabara, na wakaendelea kubishana habari ya vitunguu mpaka mlangoni.